Picha Mbili za Paja Moja

Kama una uvimbe mgumu ndani ya nyama ya mwili wako, na nyumbani yupo mtu mwenye mikono mizuri anayekuchemshia maji akukande, soma kwanza haya yangu. Sina elimu ya udaktari. Nilisoma kwa masista mpaka darasa la nne, nikaolewa, nikalima mpunga. Lakini mguu huu wa kulia nilioukunja hapa mkekani nikiandika, nusura ukatwe, na haukuponea dawa yoyote. Uliponea kuachwa peke yake, nami nikaachwa peke yangu pamoja nao. Sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyonishinda kuliko ya kwanza, na ndiyo hasa ninayotaka kuieleza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nilikuwa nimeolewa kijiji cha Michenga, bondeni, mwaka uliotangulia. Mume wangu, Dominiki, alikuwa mtu wa maneno machache, mkulima wakati wa mvua na mvuvi wakati wa kiangazi, kama wanaume wengi wa bondeni. Baba yake alikwisha kufariki. Aliyeitawala nyumba alikuwa mama mkwe wangu, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, ambaye katika watoto watano aliowazaa alibakiwa na Dominiki tu. Mwanzoni hakunipenda. Alisema mimi ni mrefu mno, nacheka kama mtu anayefukuza ndege shambani, na wali wangu unafaa kukandikia nyumba. Nami sikuwa mpole. Nilimjibu kwamba mwanawe anakula huo udongo na kuongeza. Tuliishi hivyo, kila mmoja na upande wake wa jiko.

Mwaka ule mpunga ulikubali. Maji yalikuwa bado yamesimama kwenye vijito, kwa hiyo tulipakia mavuno kwenye mtumbwi na kuuvuta mahali pale nyasi zilipozidi maji. Siku moja mtumbwi uliteleza ukarudi nyuma, na ncha yake ikanigonga paja kwa mbele. Nilikaa chini, nikasema neno ambalo masista hawakunifundisha, nikainuka, nikaendelea kuvuta. Jioni nilipika. Kila mwanamke wa bondeni ana alama ya mtumbwi mahali fulani mwilini mwake, na hakuna anayeita hilo kuumia. Mimi nilisahau siku ileile. Wewe unayesoma usisahau.

Baada ya siku kadhaa paja lilivimba na kuwa la moto. Mama mkwe alinikuta ninachechemea kutoka mtoni na ndoo.

"Hiyo ngoma unamchezea nani?" akauliza.

"Paja tu, Mama. Limekaza."

"Lala hapo."

Akachemsha maji, akachovya kitambaa, akakikamua kikiwa bado kinafuka, akanikanda. Aliweka uzito wake wote juu ya vidole gumba. Nililia machozi. "Lia tu," akasema, "damu iliyoganda haitoki kwa kubembelezwa." Jioni akarudia, na kesho yake alfajiri, na kila siku tangu hapo.

Nitasema jambo ambalo labda litakushangaza. Niliumia sana, lakini niliipenda ile saa ya kukandwa. Tangu nitoke kwa mama yangu hakuna mtu aliyewahi kunishika kwa kunihurumia. Mume ni mume, lakini mkono wa mama ni kitu kingine. Akiwa ananikanda, mama mkwe alinisimulia habari za watoto wake waliokufa, majina yao, nani alikuwa mkorofi, nani alipenda kichwa cha samaki. Mambo hayo hakuwa amemwambia hata Dominiki. Siku moja alininyoosha mguu, akausifu: "Mguu wa kulimia huu. Mungu hakukosea kukurefusha." Nikajua sasa nimeolewa kweli.

Uvimbe nao ulizidi kuwa mgumu. Kadiri ulivyozidi kuwa mgumu, ndivyo alivyozidi kukanda, maana mikono yake ilikuwa haijawahi kushindwa na kitu. Ikafika wakati goti halikunjiki, na ndani ya paja nikigusa nahisi kitu kama jiwe la kusagia. Nilikonda. Nilipochuchumaa jikoni ilibidi nisaidiwe kuinuka. Hapo Dominiki alinipakia kwenye baiskeli bila kuuliza mtu, akanisukuma mpaka Ifakara, hospitali ya misheni, mama mkwe akifuata nyuma na sufuria kichwani.

Tulikaa kwenye benchi barazani tangu asubuhi. Nawaambia wanaoanza safari hii, ugonjwa mwingi ni benchi. Unamsalimu aliyekutangulia, unasogea, unamsalimu anayekuja, unasogea. Unajifunza magonjwa ya watu kwa harufu. Mbele yangu alikaa mwanamke wa rika langu kutoka Namawala, jina lake Leokadia, goti lake likiwa na kinundu kidogo pembeni, kama yai la kuku. Alilitazama paja langu, akatazama goti lake.

"Dada, wewe umekuja na jogoo kabisa, mimi nimeleta yai tu," akasema.

Nilicheka mpaka mama mkwe akanifinya. Tukawa marafiki hapohapo.

Daktari alikuwa Mzungu mwenye nywele za mvi na Kiswahili cha taratibu, kila neno akilitua mahali pake. Alilitazama paja muda mrefu bila kulibonyeza.

"Uliwahi kugongwa hapa? Kuanguka? Kupigwa?"

"Hapana, Bwana Daktari."

"Umetumia dawa yoyote ya nyumbani? Majani, chale, kitu cha kupaka?"

"Hapana."

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema naye: "Hapana kabisa." Na hakuna aliyesema uongo kati yetu. Kukanda kwetu si dawa. Dawa unakwenda kuitafuta kwa mtu. Kukanda ni kama kuoga na kula, ni kazi ya wa nyumbani kwako, na nani anayemhesabia daktari kwamba ameoga?

Nilipelekwa kwenye chumba cha picha. Jenereta ilinguruma nje, taa zikafifia, nikalazwa kwenye ubao baridi, nikaambiwa nisitikisike. Sikuhisi kitu. Nilidhani picha ya ndani ya mwili itauma, kwa kuwa inapenya nyama. Picha ilipokauka daktari aliisimamisha dirishani, akaitazama akiwa amenipa mgongo. Nilimwangalia mabega. Mabega yake yaliteremka kidogo, nami nikajua kabla hajageuka.

"Kuna mfupa unaota katikati ya nyama," akasema, "mahali ambapo mfupa hauna kazi. Hauna umbo, uko kama wingu, na umekaa karibu sana na mfupa wako wa paja. Nadhani ni saratani."

Neno hilo sikulijua. Nikamwuliza ni nini.

"Ni ugonjwa unaokula mtu kutoka ndani. Wa mfupa ni adimu, lakini ni mkali. Ukicheleweshwa unakwenda mapafuni."

"Dawa yake?"

"Kukata mguu." Akaweka ubavu wa mkono wake juu kabisa ya paja langu, karibu na nyonga, bila kunigusa. "Hapa."

Nilichofikiria si kifo. Nilifikiria tope. Mpunga hupandwa ukiwa umezama mpaka magotini, unachomoa mguu mmoja huku unasimamia mwingine. Mguu mmoja hauingii tope. Nani Michenga atamweka mke asiyeingia shambani? Nilimtazama Dominiki. Alikuwa anatazama kofia yake.

Jioni ile, nikiwa nimelazwa wodini, nilimwambia: "Sema kitu."

"Mguu ni wako, Apolonia," akasema. "Utakavyoamua wewe, mimi sitapinga."

Najua alinipa heshima. Miaka mingi baadaye nilielewa kwamba aliogopa kuchagua vibaya. Lakini siku ile nilitaka apinge, akatae, apige kelele, ashike hata mguu wa kitanda. Alirudi kwenye nyavu zake, nikabaki na heshima yangu pale kitandani. Sijawahi kujisikia mpweke namna ile.

Leokadia alipewa kitanda jirani na changu. Yeye pia aliambiwa picha yake haikupendeza, na kwamba watampiga nyingine. Alinisuka nywele. Mama yake alikuwa akipika kwenye banda la wauguza wagonjwa, jirani na mama mkwe wangu, na wawili hao waligombania kuni asubuhi na kuazimana chumvi jioni. Kila alfajiri, kabla sista wa wodi hajaingia, mama mkwe alipenyeza mlangoni na maji yake ya moto, akaingiza mikono chini ya shuka, akanikanda. Hakuna aliyemkataza, kwa sababu hakuna aliyejua. Hata siku iliyotangulia kukatwa, maana nilikuwa nimekwisha kukubali na siku imepangwa, alikuja. "Nitaukanda mpaka mwisho," akanong'ona. "Hawawezi kusema uliondoka bila kuuguzwa." Alikuwa analia, matone yakaangukia kwenye kitambaa.

Asubuhi hiyo sista aliingia mapema.

"Mama! Unafanya nini?"

Mama mkwe hakuondoa mikono. "Namkanda mwanangu."

Sista alitoka haraka. Alirudi na daktari, shati lake likiwa halijafungwa vifungo vyote. Akafunua shuka, akaona paja lilivyoiva kwa joto, na alama za vidole gumba.

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno, Bwana Daktari," nikajibu.

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni," mama mkwe akasema, na ndani ya sauti yake kulikuwa na fahari.

"Niliuliza dawa! Kwa nini hamkuniambia?"

"Uliuliza dawa," akasema mama mkwe. "Hii si dawa, Bwana Daktari. Hii ni mikono yangu."

 Daktari akaniuliza polepole, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu: "Ilianzaje? Siku ya kwanza kabisa, kabla hajakukanda?"

Ndipo nilipoukumbuka mtumbwi. Nilimweleza. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, kitu ambacho madaktari hawakufanya zama zile, akafumba macho.

"Niliuliza kama uligongwa."

"Bwana Daktari, ulikuwa mtumbwi tu."

Leokadia kitandani kwake alicheka, akajiziba mdomo.

Daktari aliileta ile picha, akatueleza wote watatu, mimi, mama mkwe na Leokadia. Nami naeleza nilivyoelewa. Kuna kitu kingine kinachoweza kuotesha mfupa ndani ya nyama. Nyama ikigongwa sana, damu ikavujia ndani, na badala ya kupumzishwa ikakandwa na kukandwa, inaweza kujisahau na kuanza kujenga mfupa. Kitu hicho hakiui. Kikiachwa kabisa, hutulia chenyewe. Lakini mwanzoni, kwenye picha, kinafanana na saratani kiasi kwamba hata mtu aliyesoma sana anaweza kukata mguu mzima bure.

"Nitajuaje ni kipi?" nikauliza.

"Kwa kungoja. Nitapiga picha nyingine majuma kadhaa baadaye. Kama ni kile cha kugongwa, wingu hili litapata ukingo. Litajijengea ganda kwa nje, na kati yake na mfupa wako utaonekana mstari. Kama ni saratani, itajaa katikati na kutawanyika pembeni bila mpaka."

"Na kama ni saratani, na tumengoja?"

Alinitazama sawasawa. "Nitakuwa nimekuua. Siwezi kukuficha. Usiku wa kuamkia leo sikuwa na shaka. Sasa ninayo."

Nilichagua kungoja. Watu waliniita jasiri baadaye, lakini sikuwa jasiri. Nilikuwa nimeshika tawi la kwanza lililopita kwenye maji.

Sharti lilikuwa moja: paja lisiguswe na mtu yeyote. Lisikandwe, lisipakwe, lisifungwe kitambaa cha moto, na mimi mwenyewe nisilibonyezebonyeze kuangalia kama limepungua. Daktari alimgeukia mama mkwe. Alisema kwa upole, nilimsikia, wala hakumlaumu. "Mama, mikono yako ipumzike." Lakini mama mkwe alisikia lingine. Alisikia kwamba mtoto wa watu nusura akatwe mguu kwa sababu ya mikono yake. Aliikunja kanga yake, akaitoa sufuria yake kwenye banda, akaondoka kwa miguu kurudi Michenga bila kuniaga. Niliona mgongo wake mdogo kupitia dirishani mpaka ulipofika kwenye kona ya miti.

Kiangazi kilikuwa kimekolea. Wale waliokuja kulazwa pamoja nami walipona au wakazikwa, mashuka yakaanikwa, wengine wakaingia. Dominiki alikuja siku za soko akiuza samaki, akaniachia perege waliokaushwa, akaketi, akaondoka. Baba mdogo wake alikuja Jumapili moja baada ya misa, akasimama mlangoni kana kwamba sakafu ya wodi ina moto.

"Shikamoo, Baba," nikamwamkia.

"Marahaba, mkwe. Tumezungumza sisi wazee. Likitokea la kutokea, ukikatwa, tumeona vema urudi kwenu ukapumzike."

"Ahsante, Baba, kwa kuniwazia mapumziko," nikasema. "Tangu niolewe hakuna aliyeyakumbuka."

Hakujua atazame wapi. Lakini alipokwisha kwenda niligeukia ukutani nikalia.

Mama yake Leokadia alinilisha. Alianza tu kupika kwa sufuria kubwa zaidi. Hiyo ni rehema mojawapo niliyoipata, na nikiwa na wali mezani bado huwa namkumbuka. Rehema nyingine ilikuwa Leokadia mwenyewe. Tulipeana kazi: yeye anilinde nisijiguse, mimi nimlinde asilie mbele ya mama yake. Mkono wangu ulikuwa ukienda wenyewe kwenye paja nikisinzia. "Apolonia, jogoo!" angeita, nami ningeuondoa.

Kila nilipokohoa nilihesabu mapafu yangu yamekwisha. Kila uvimbe ulipowasha nilisema sasa unatawanyika. Hakuna mtu wa kumwambia hayo, kwa sababu kila aliyekuwa karibu alikuwa na lake. Na mwili usioshikwa unakuwa mgeni. Nilitamani hata kufinywa.

Picha ya pili ya Leokadia ilitangulia yangu. Aliporudi kutoka kwa daktari alikaa kitandani akalitazama lile goti, yai lake dogo ambalo hata halikumuuma kama langu.

"Limejaa katikati," akasema.

 Nilitambaa mpaka kitandani kwake, nikalala ubavuni pake. Walimkata mguu wake wa kulia katika juma hilohilo. Alipopata nguvu ya kusema, alisema: "Tungekuwa na viatu, shoga yangu, ningekuachia cha kulia." Hatukuwa na viatu, yeye wala mimi. Tulicheka kwa uchungu, sista akatufokea.

Wakati huo watu walikuwa wameanza kuchoma nyasi bondeni. Majivu meusi yalipeperuka mpaka Ifakara na kutua madirishani. Siku niliyoitwa kupigwa picha ya pili yalikuwa yameanguka hata juu ya benchi, nikayafuta kwa kiganja kabla ya kukaa. Benchi lilikuwa lilelile. Jenereta, ubao baridi, usitikisike. Safari hii sikumtazama daktari mabega. Nilitazama sakafu.

"Njoo uone," akasema.

Alikuwa amezisimamisha picha zote mbili dirishani, ya kwanza kushoto, ya pili kulia. Nilisogea na fimbo yangu. Ya kwanza ilikuwa kama alivyosema, wingu lisilo na mwanzo wala mwisho. Ya pili hata mimi wa darasa la nne niliiona. Wingu lilikuwa limekuwa kitu. Lilikuwa na ukingo mweupe uliozunguka, ndani kukiwa kweusi, kama punje ya mpunga iliyokosa kiini na kubaki ganda. Na kati yake na mfupa wangu ulipita mstari mwembamba mweusi, kuanzia juu hadi chini.

"Huo ndio mpaka," daktari akasema.  "Mguu ni wako. Nenda nao nyumbani."

Ndugu msomaji, nilidhani nitaruka kama ndama. Sikuruka. Nilirudi wodini na furaha niliyokosa pa kuiweka. Mume yuko mtoni, mama mkwe amenikimbia, na aliyekuwepo wa kumwambia alikuwa amelala na shuka iliyoporomoka mahali pa mguu. Nilisimama mbele yake kama mwizi.

"Lina ganda?" akauliza.

"Lina ganda."

Alifumba macho kidogo. "Basi nenda kalime," akasema, "na ulime na fungu langu."

Nililima na lake. Yeye alirudi Namawala na magongo yake akiwa mzima, akaja kunitembelea mara moja akiwa juu ya baiskeli ya kaka yake, akatucheka sote. Kabla ya mavuno yaliyofuata kikohozi kilimshika, akafa nacho. Naandika hili kwa sababu sitaki mtu achukue habari yangu akaitumia kukataa kisu. Picha ilimwambia ukweli yeye kama ilivyoniambia mimi. Mwenye kuambiwa asubiri, asubiri bila kuguswa. Mwenye kuambiwa akatwe, baada ya kutazamwa vizuri, asitafute hadithi ya Apolonia ya kujifichia. Na daktari akikuuliza umefanya nini nyumbani, mwambie hata usiyoyahesabu. Mwambie mtumbwi. Mwambie nani anakushika.

Nilifika Michenga kabla ya mvua za kwanza. Goti lilianza kukunjika lenyewe, taratibu. Jiwe la pajani lilipungua likabaki kama kokwa, na bado lipo hadi leo.

Mama mkwe alinipokea kwa wali. Alinipa kiti. Lakini aliniwekea sahani chini, akarudi nyuma, nami nikaiokota. Maji ya kuoga aliyatua mbali na mlango. Tukikutana njiani aliacha njia. Nilipomwambia kwamba daktari hakumlaumu, alitazama viganja vyake: "Mikono hii nusura ikukate mguu, Apolonia. Iache." Tulipanda mpunga mwaka huo, nikaingia kwenye tope kwa miguu miwili kama nilivyoomba, na yeye akapandia upande wa pili wa shamba, mbali, mgongo wake kwangu. Nilikuwa nimepata mguu. Nilisimama humo kwenye maji nikajiona nimebadilishana nao kitu ambacho hakuna aliyeniuliza kama nilitaka kukitoa.

Tulikula hivyo, tukavuna hivyo. Mwaka uliofuata nikajifungua binti.

Sasa, kila mtu anajua mzazi hukandwa. Maji ya moto, tumbo, kiuno, mgongo, asubuhi na jioni, na anayekanda ni mama wa nyumba. Asubuhi ya kwanza alichemsha maji. Nilisikia kuni zikipasuka. Akaingia na sufuria, akaitua karibu na kitanda, akasimama amegeukia mlango, mikono ameifunga ndani ya kanga.

"Nimemtuma mtu kwa jirani," akasema. "Atakuja kukukanda."

"Sitaki jirani, Mama."

"Apolonia, usinijaribu."

Mtoto alikuwa amelala ubavuni pangu. Nilijivuta mpaka ukingo wa kitanda, nikaufikia upindo wa kanga yake, nikamvuta. Alikuja kama anayevutwa na mkondo. Niliitoa mikono yake humo ndani ya nguo mmoja mmoja. Ilikuwa ya baridi. Nikaichovya kwenye maji, nikaiweka juu ya tumbo langu, nikaifunika kwa mikono yangu ili isikimbie.

"Huu mguu wa kulia tu ndio wa daktari," nikamwambia. "Mwili mwingine wote ni wako."

 Halafu vidole gumba vyake vikaanza kutafuta, polepole, kama mtu anayeingia chumba alichowahi kulala.

"Lia tu," akasema, na yeye ndiye aliyekuwa analia.